Tela la msikiti na uzito wa kusema hapana



Ndugu msomaji, wiki hii naomba radhi kwa kuliacha kando somo nililokuwa nimekuahidi. Nina deni la kusimulia jambo lililotukuta sisi wa kamati ya msikiti, nami ndiye niliyekuwa na funguo mkononi siku hiyo. Nimelichelewesha kwa miezi kadhaa, kwani mwenye kusimulia kosa lake huona haya. Lakini msimu wa harusi unakaribia, na matela madogo yanayovutwa na magari ya nyumbani yanazidi kuonekana misikitini, madrasani na katika vikundi vya kina mama. Haya yangu isiwe sababu ya mwingine kutumbukia katika shimo ambalo sisi tumekwisha kulipima kina chake.

Msikiti wetu upo Tanga mjini. Kamati ina tela dogo la tairi mbili, lililochomelewa na fundi wa mtaani kwa michango ya waumini. Halina breki zake lenyewe. Kazi yake ni kubeba viti, majamvi, maturubai na masufuria pale panapotokea maziko au walima. Gari hatuna, tela hufungwa kwenye gari la muumini aliyejitolea, na mara nyingi huwa ni Corolla ya miaka ya 1990 ya jirani yetu mmoja ambaye hajui kukataa. Mimi ndiye ninayetunza funguo za bohari na daftari la kuazimia. Kwa hiyo tela haliondoki uani bila idhini yangu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Mama mmoja mtu mzima alikuja ofisini kwetu. Mwanawe alikuwa akioa kesho yake katika kijiji kilicho mbele ya Muheza. Alikuwa ameomba viti mia moja, turubai moja na masufuria makubwa, nami nilikuwa nimekwisha kuyaandika. Tulipokuwa tunapakia akanijia pembeni kwa sauti ya chini. "Mwanangu katibu, na mchele wangu mifuko minne upo dukani kwa Mpemba hapo. Utanibebea?" Nikamjibu, "Hapana shida, mama." Baada ya nusu saa akarudi tena. Kijijini maji ya bomba yalikuwa hayatoki siku ya tatu. "Nina madumu kumi tu, mwanangu. Nitawapikia wageni kwa nini?"

Nilitazama springi za tela. Zilikuwa zimelala kabisa. Moyoni nilijua kuwa jibu ni hapana. Lakini mbele yangu alisimama mama mwenye shughuli, umri wa mama yangu mzazi, na nyuma yake wamesimama ndugu zake wakinitazama. Ulimi ukasema, "Inshaallah litafika." Nilisema inshaallah mahali ambapo nilipaswa kusema hapana, na hilo ni katika makosa yangu yote siku ile ninalolionea haya zaidi.

Sasa nikueleze tulivyopakia, kwa kuwa ndipo ajali ilipoanzia. Viti vilikuwa tayari, vikatangulia kuingia. Vikajaza sehemu yote ya mbele ya tela. Juu yake tukatandaza turubai. Masufuria yakafuata. Mchele ulichelewa kutoka dukani, ukawekwa nyuma. Maji yalikuja ya mwisho, nayo yakapangwa mlangoni kabisa, mwishoni mwa tela. Hakuna aliyekusudia kuweka vizito nyuma. Ilitokea tu kwa sababu kilichofika mwisho ndicho kilichopata nafasi ya mwisho. Tulipolisogeza tela kwenye gari, kijana mmoja aliuinua mkono wake wa mbele, ule unaoshika gari, kwa vidole vya mkono mmoja. Tukacheka na kumshukuru Mola kuwa mzigo umekaa vizuri na ni mwepesi. Ndugu msomaji, ile ilikuwa ndiyo tahadhari ya mwisho tuliyopewa, nasi tuliipokea kama bishara njema.

Nilikaa mbele pamoja na dereva. Hadi Pongwe tulikwenda taratibu na tela lilitulia nyuma yetu. Baada ya hapo barabara ikafunguka, dereva akaongeza mwendo hadi kilomita 90 kwa saa. Tulipokuwa tunateremka, basi likatupita kwa kasi. Upepo wake ulilisukuma tela kidogo upande, kisha likarudi, kisha likaenda upande wa pili, na kila likirudi lilizidi kuliko mwanzo. Nilihisi makalio ya gari yakivutwa kushoto, kulia, kushoto, kama mtu aliyeshikwa kanzu kwa nyuma na mwenye nguvu kumshinda. Dereva akafanya ambalo kila mmoja wetu angelifanya: alikanyaga breki kwa nguvu. Hapo ndipo tulipopotelewa kabisa. Tela lilikuja ubavuni, gari likageuka, na vyote viwili vikaingia kwenye majani ya upande wa kushoto. Tela likalala ubavu. Mchele ukamwagika juu ya lami, viti vikatawanyika, madumu yakapasuka.

Nilipotoka garini nilimwona mtoto. Alikuwa na umri wa miaka tisa au kumi, amesimama pembezoni mwa barabara na wavu wake wa machungwa mkononi, kama wasimamavyo watoto wengi wa njia ile wanaouzia wasafiri. Kati yake na pale tela lilipolala palikuwa na hatua kama ishirini. Hakukimbia, hakuwa amepata hata muda wa kukimbia. Alibaki amesimama vilevile, akitutazama.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Gari lilibonyea ubavu, masufuria mawili yakapasuka, na walima ulichelewa. Hizo zote ni hasara za kulipika. Hatua ishirini zile ndizo ambazo hadi leo sijaweza kuziandika katika daftari lolote.

Kamati ilikutana Jumatatu. Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu sana, alisema kwamba hii ilikuwa qadari ya Mwenyezi Mungu, tushukuru na tusonge mbele. Wengi wakaitikia. Imamu wetu alinyamaza kidogo, kisha akanigeukia. "Katibu, mzigo ule ulikuwa kilo ngapi?" Nilikuwa nimebeba mihutasari ya vikao vya miaka minne na hesabu ya kila shilingi iliyoingia kwenye sanduku. Swali lile sikuwa na jibu lake. Imamu akasema kwa upole kwamba sote tumefundishwa tangu madrasa kuwa ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akategemea. Sisi tulitegemea bila kufunga, na tulipovunjikiwa tukaiita qadari.

Usiku ule niliketi na karatasi. Kiti cha plastiki kina kama kilo mbili na nusu. Viti mia moja ni kilo 250. Mifuko minne ya mchele ya kilo 50 ni kilo 200. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200 nyingine. Masufuria nilikadiria kilo 60, na turubai kilo 40. Jumla ni kilo 750. Tela lenyewe tupu lina kama kilo 250. Nyuma ya gari lile kulikuwa na kilo 1,000, na gari lenyewe, Corolla ya miaka ile, lina uzito wa takriban kilo 1,000 hadi 1,100. Tulikuwa tumemfunga mtu mgongoni mwa mtu mwingine aliyelingana naye, kisha tukawaambia wateremke mlima wakikimbia.

Kipimo cha sawa ni kipi? La kwanza ni kitabu cha gari, kile kinachokuja nalo kutoka kwa watengenezaji wake. Humo huandikwa uzito ambao gari hilo linaruhusiwa kuvuta, nao huwa wa aina mbili: wa tela lenye breki zake na wa tela lisilo na breki. Yapo magari ambayo kitabu chake husema wazi kuwa hayakutengenezwa kuvuta chochote. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na vitabu vyake, kama vipo, vimeandikwa Kijapani. Basi mtafute anayeweza kukusomea au fundi mwenye kumbukumbu za gari hilo. Kwa tela lisilo na breki, nchini Uingereza sheria huweka mpaka ulio rahisi kuukumbuka: tela pamoja na mzigo wake lisizidi nusu ya uzito wa gari linalovuta, na kwa vyovyote lisizidi kilo 750. Sisi hatuishi chini ya sheria hiyo, lakini mantiki yake haina nchi. Breki za gari ndizo zitakazolazimika kusimamisha vyote viwili.

Kwa kipimo hicho, Corolla yetu ilistahili kuvuta kama kilo 500, tela likiwemo. Ukitoa kilo 250 za tela lenyewe, mzigo uliobaki ni kilo 250. Yaani viti mia moja, basi. Turubai, masufuria, mchele na maji vilikuwa vya safari nyingine.

Lakini uzito peke yake haukuwa kosa lote. Hata mzigo mdogo ukiwekwa vibaya hulitikisa gari. Tela la tairi mbili hukaa juu ya ekseli yake kama mizani. Mzigo mkubwa ukiwa nyuma ya ekseli, mkono wa mbele huwa mwepesi, hata ukataka kuinuka, nao hulinyanyua gari kwa nyuma. Tairi za nyuma za gari hupungukiwa na mshiko, na tela hubaki likiyumba kama jiwe lililofungwa kwenye kamba. Katika mwendo mdogo kuyumba huko hufa kwenyewe. Mwendo ukizidi kiwango fulani, kila yumbo huzaa jingine kubwa kuliko la kwanza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu: hadi Pongwe tela lilionekana limetulia kwa sababu tulikwenda polepole, si kwa sababu lilikuwa salama.

Kanuni ni kwamba kizito kikae chini kabisa, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na vyepesi vijaze mbele na nyuma. Mkono wa tela ukandamize gari kwa uzito wa wastani. Ulaya hupendekeza kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa tela. Wamarekani hupendelea asilimia 10 hadi 15. Kwa tela la kilo 500, chukua kilo 50 kama alama yako, maadamu kitabu cha gari kinaruhusu. Kupima si kazi ngumu. Chukua mizani ya kupimia uzito wa mtu, iweke chini kwenye sakafu tambarare, simamisha kipande cha mti juu yake hadi kimo cha gari linaposhika, kisha ulaze mkono wa tela juu ya mti huo na usome. Ikiwa kijana anauinua kwa vidole, usimshangilie. Rudisha mzigo mbele. Na ikiwa gari limekalia makalio na taa zake za mbele zinamulika miti, mzigo umezidi mbele, na tairi zinazoongoza zimekuwa nyepesi. Hilo nalo ni hatari.

Basi, mpangilio wa kupakia uanze kabla ya kitu cha kwanza kuingia. Kusanya vyote uani, vitazame, kisha upange. Kilichochelewa kufika kisipewe nafasi ya nyuma kwa sababu tu kimechelewa. Ama kisubiriwe, ama kibaki. Sisi sasa tumechora mstari mwekundu ubavuni mwa tela pale ekseli ilipo, ili kila mpakiaji auone.

Baada ya kupakia kuna kufunga. Chuma cha kuvutia kiwe kimefungwa kwa nati kwenye mwili imara wa gari, si kwenye bampa. Tufe la chuma na kikombe kinacholikamata viwe vya kipimo kimoja. Hapa kwetu hukutana vyuma vya Ulaya vya milimita 50, vya Marekani vya inchi mbili, na vingine vidogo zaidi vya inchi moja na saba ya nane. Kikombe kikubwa juu ya tufe dogo hukaa vizuri uani na huchomoka kwenye tuta la kwanza. Jaribio ni hili: ukishafunga, inua mkono wa tela kwa nguvu au kwa jeki. Makalio ya gari yainuke pamoja nao. Kikombe kikiachia, usiondoke.

Kisha minyororo. Sisi tulikuwa tunatumia kamba ya katani, kwa kuwa Tanga katani haikosekani. Kamba si mnyororo. Weka minyororo miwili, uipishanishe kama mkasi chini ya mkono wa tela, ili kikombe kikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Iwe na urefu wa kuruhusu kona, isiwe mirefu ya kuburuzika.

Tairi za tela zina udanganyifu wake. Hazitembei sana, kwa hiyo meno yake hubaki mazima huku mpira wenyewe umezeeka juani. Tazama ubavuni kama kuna nyufa, na upime upepo kila safari. Beringi zitiwe grisi. Ukisimama njiani, sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu: kama kimoja ni cha moto sana kuliko mwenziwe, beringi yake inaomba msaada. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya mwendo mfupi, hasa ikiwa gurudumu limetolewa karibuni.

Taa nazo ni haki ya aliye nyuma yako. Tela huficha taa za gari, hivyo lake lenyewe lazima liwe na taa za nyuma, za breki na indiketa. Kazi hii wape watoto wa nyumbani. Mtoto wa miaka kumi akisimama pembeni kwa nyuma anaweza kukuambia, "Baba, ya kushoto haiwaki," na atakuwa amejifunza jambo. Tela husajiliwa na kubeba namba yake. Kabla ya kuondoka uliza pia wakala wako wa bima kama bima ya gari inalihusu tela au la, usikisie.

Barabarani, jambo kubwa ni mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 90, mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza imezidi mara mbili na robo. Wajerumani, ambao barabara zao kuu zinajulikana kwa kasi, kwa kawaida hawaruhusu gari lenye tela kupita kilomita 80 kwa saa. Kwa tela lisilo na breki nyuma ya gari dogo, kamati yetu imeweka 60, na hakuna aliyewahi kukosa walima kwa sababu hiyo. Acha nafasi kubwa mbele yako. Kwenye kona chukua upana zaidi, kwa kuwa tela hukata ndani. Kabla ya mteremko, si katikati yake, shuka gia. Na kwa gari la otomatiki ondoa O/D au weka gia ya chini, injini isaidie kushika badala ya breki kuungua.

Na tela likianza kuyumba? Shika usukani uwe umenyooka, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, na usikanyage breki kwa nguvu. Usijaribu kulifukuzia kwa usukani. Utakuwa unalichelewa kila mara na kulizidishia. Usiongeze mwendo kwa kudhani utalinyoosha. Acha kasi ipungue yenyewe hadi lipoe, kisha simama mahali salama na upange mzigo upya. Nakiri kwamba ushauri huu ni rahisi juu ya karatasi. Katika sekunde zile mguu hukimbilia breki wenyewe. Ndiyo maana nasisitiza kuwa usalama wa tela huamuliwa uani. Ukishafika barabarani, mengi yamekwisha kuamuliwa.

Kuna mawili ya mwisho yanayozihusu familia moja kwa moja. Kwanza, asipande mtu ndani ya tela wala juu ya mzigo. Nimeona vijana wakienda makaburini wamekalia sepetu na machepe, na watoto wakishangilia juu ya majamvi. Siku ile tulikuwa na vijana wawili waliotaka kupanda. Walishuka kwa sababu tu viti vilikuwa vimejaa. Nikikumbuka hilo hunyamaza.

Pili, kurudi nyuma. Dereva wa tela hamwoni mtoto aliye nyuma yake. Kabla ya kurudi, mtu mzima mmoja ashuke, awakusanye watoto upande mmoja, kisha asimame anapoonekana kwenye kioo. Kwa dereva anayejifunza, siri ni kuweka mkono chini ya usukani: upande unaoupeleka mkono ndiko makalio ya tela yatakakoelekea. Fanya mazoezi uwanjani na tela tupu, siyo mbele ya wageni wa harusi.

Haya yote ni mambo ya vyuma na vipimo, na yeyote mwenye subira atayajifunza. Lililo gumu ni lile la mlangoni kwa bohari, pale jamaa wanapokuja wakiwa na msiba au furaha, na wewe una funguo. Katika malezi yetu kumkatalia mwenye shughuli ni aibu, na kumkatalia mwenye msiba ni karibu na ukatili. Tukawa tunakubali kila kitu, tukiita ukarimu. Lakini gari lilikuwa amana ya jirani, dereva alikuwa amana ya mkewe na wanawe, na barabara ile ilikuwa pia ya mtoto wa machungwa. Ukarimu wangu ulikuwa unalipiwa na watu ambao hata sikuwauliza.

Sasa pale mlangoni pamebandikwa karatasi moja. Imeandikwa uzito wa kiti, wa mfuko, wa dumu na wa turubai, na chini yake: mzigo mwisho kilo 250. Anayekuja tunahesabu naye pamoja. Karatasi ndiyo inayokataa, si katibu. Na hesabu haina upendeleo kwa tajiri wala kwa ndugu wa mwenyekiti. Kinachozidi huenda kwa safari ya pili, au hukodiwa kirikuu, na kamati ikiweza huchangia nauli yake. Tangu tuanze utaratibu huu sijapata mtu aliyeondoka na kinyongo. Wengine husaidia hata kujumlisha.

Nilimwendea yule mama wiki mbili baada ya harusi kumwomba radhi na kumfidia mchele wake. Alinikaribisha, akanipa kahawa na tende. Nikamweleza ukweli, kwamba nilijua mzigo umezidi na sikuweza kumwambia. Alinitazama kwa muda.

"Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Kijijini kwetu kuna kisima. Vijana wangechota."

Tukutane wiki ijayo, inshaallah, kwa somo nililowaahidi. Wabillahi tawfiiq.